Chumvi inayonyonya hewa ya ukaa: Inafanyaje kazi, na kwa nini haitafika kwenye tanuri la mkaa

Wiki kadhaa zilizopita, kwenye kipindi chetu cha asubuhi, tulisoma habari fupi ya sayansi. Haikuzidi dakika moja. Tulisema kuna vimiminika vinavyoitwa vimiminika vya ayoni, na kwamba vinaweza kunyonya hewa ya ukaa kutoka kwenye moshi wa viwandani. Tukamalizia kwa maneno ambayo sasa tunayajutia: "Huenda dawa ya hewa ya ukaa imepatikana." Kisha tukaweka wimbo.

Wimbo haujafika nusu, simu ya studio ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Mbwawa, hapa Kibaha, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Tulimwamkia, akaitikia, halafu akaenda moja kwa moja kwenye hoja yake.

"Wanangu, mimi nachoma mkaa tangu ujana. Nimesomesha watoto kwa mkaa. Kila mkutano wa kijiji tunaambiwa tuache, tunaharibu hali ya hewa. Leo ninyi mnasema kuna maji yanayonyonya hiyo hewa. Sasa kwa nini tusiletewe hayo maji, tukaendelea na kazi yetu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutalitafuta, na makala hii ndiyo ahadi yenyewe. Kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona kwamba swali la mzee lilikuwa zito kuliko habari tuliyoisoma, na kwamba sentensi yetu ya mwisho ilikuwa na makosa. Tuanze mwanzo.

Hewa ya ukaa ni ipi hasa?

Hewa ya ukaa, ambayo vitabu vya shule huiita kabonidayoksaidi, ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Tunaitoa kila tunapopumua. Hutoka kila kinapoungua kitu chenye kaboni ndani yake: kuni, mkaa, petroli, dizeli, gesi ya kupikia.

Moshi tunaouona ukifuka kwenye tanuri si hewa ya ukaa. Weupe ule kwa sehemu kubwa ni mvuke wa maji, na weusi ni masizi na lami. Hewa ya ukaa imo humo humo lakini haionekani. Wala siyo ile gesi inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa. Ile ni kabonimonoksaidi, ndugu yake mwenye sumu kali, inayotoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha.

Katika kila chembe 10,000 za hewa tunayovuta, chembe za hewa ya ukaa ni kama 4 tu. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa chini ya 3. Ongezeko linaonekana dogo, lakini gesi hii hushika joto kama blanketi, na ndiyo sababu dunia nzima inaizungumzia.

Kwenye mabomba ya moshi hali ni nyingine. Moshi wa mtambo wa umeme unaotumia gesi asilia huwa na kati ya chembe 300 na 500 za ukaa katika kila 10,000. Moshi wa kiwanda cha saruji huwa na 2,000 hivi, wakati mwingine zaidi. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni naitrojeni, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta na ambayo haina tatizo lolote.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuitenganisha hewa ya ukaa na zile gesi nyingine. Huwezi kuchukua moshi wote wa kiwanda ukaufukia ardhini, kwa sababu utakuwa unafukia naitrojeni tu. Unahitaji kitu kinachopenda ukaa na kuiacha naitrojeni ipite.

Mfano wa karibu: Ziwa Kivu

Kazi ya namna hii tayari inafanyika kwa jirani zetu. Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina gesi nyingi iliyoyeyuka kwenye maji ya kina kirefu. Gesi hizo ni mbili zilizochanganyika: hewa ya ukaa, na methani. Methani inawaka, na ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia yetu ya Songo Songo. Ukaa hauwaki.

Upande wa Rwanda, wilayani Karongi, kuna mradi wa umeme unaoitwa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 2015. Mabomba yaliyoshushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea huvuta maji yaliyo chini ya mita 300. Yakipanda, shinikizo linapungua na gesi inatoka kwa mapovu, kama unapofungua chupa ya soda. Gesi hiyo bado ni mchanganyiko, kwa hiyo inaoshwa kwa maji. Maji hupokea hewa ya ukaa zaidi ya mara 20 kuliko yanavyopokea methani. Yanaubeba ukaa na kuondoka nao, methani inabaki na kwenda kuendesha jenereta.

Ukielewa Kivu umeelewa nusu ya jambo: tafuta kimiminika kinachopenda gesi moja kuliko nyingine, vikutanishe, kisha uvitenganishe.

Nusu ya pili ni kuachia. Kimiminika kilichobeba gesi lazima kiitoe mahali unapotaka wewe, kwa wakati unaotaka wewe. Ziwa Nyos la Cameroon lilionyesha hatari ya kukosea hapo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa hilo liliachia ghafla hewa ya ukaa iliyokuwa imejikusanya chini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikateremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 kwa kuwakosesha pumzi. Ndiyo maana wataalamu hawaulizi tu kimiminika kinakamata kiasi gani. Wanauliza pia kinaachia vipi.

Njia inayotumika sasa, na gharama yake

Maji matupu hayafai kwa moshi wa kiwandani, kwa sababu bila shinikizo kubwa yanabeba ukaa kidogo mno. Kwa hiyo viwanda hutumia maji yaliyochanganywa na kemikali za jamii ya amini (si ile amini ya kusadiki, ni jina la kemikali zenye naitrojeni, zinazonuka kidogo kama samaki au mkojo uliochacha). Hataza ya njia hii ilitolewa Marekani mwaka 1930, kwa ajili ya kusafisha gesi.

Moshi unapandishwa kwenye mnara mrefu. Juu ya mnara mchanganyiko wa amini unateremka kama mvua. Vikikutana, amini inaushika ukaa kwa nguvu za kikemia na naitrojeni inatokea juu. Kisha ule mchanganyiko unapelekwa kwenye mnara wa pili na kupashwa moto hadi kama nyuzi joto 120. Hapo amini inaachia ukaa, unakusanywa ukiwa safi, na mchanganyiko uliopoa unarudi kazini.

Njia hii si ya kwenye vitabu tu. Mwezi Juni 2025, kiwanda cha saruji cha Brevik nchini Norway kilizinduliwa rasmi kikiwa na mtambo wa kukamata tani 400,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, takribani nusu ya ukaa wote kinaoutoa. Ukaa huo unapakiwa melini na kwenda kufukiwa chini ya sakafu ya bahari. Mtambo huo unatumia amini. Mmiliki wake ni kampuni ya Heidelberg Materials, ambayo ndiyo kampuni mama ya Twiga Cement ya pale Wazo Hill, Dar es Salaam.

Saruji ina sababu yake ya pekee ya kuhitaji teknolojia hii. Kila kilo 100 za jiwe la chokaa safi zikichomwa zinatoa kilo 44 za hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe. Hata ukilichoma kwa umeme wa jua, zile kilo 44 zitatoka tu. Mwenye kiwanda cha umeme anaweza kubadili nishati. Mwenye kiwanda cha saruji hawezi kubadili jiwe.

Tatizo la amini ni joto. Kwa mchanganyiko wa kawaida, kuachia tani moja ya ukaa kunahitaji nishati ya megajuli 3,500 hivi. Tulipiga hesabu kwa lugha ya Mbwawa. Kilo moja ya mkaa mzuri ina megajuli kama 29. Kwa hiyo ungehitaji kilo 120 za mkaa, na hapo hakuna hata joto moja lililopotea, ili kuachilia tani moja ya ukaa uliokwisha kuukamata. Kilo hizo 120 zikiungua zinatoa zenyewe zaidi ya kilo 300 za hewa ya ukaa. Ni sawa na mvuvi anayekula samaki mmoja kati ya kila watatu ili apate nguvu za kuvuta wavu.

Sehemu kubwa ya joto hilo inapotea kwenye maji, maana mchanganyiko wa kawaida una asilimia kama 70 ya maji, na maji yanachukua joto jingi hata kabla hayajachemka. Zaidi ya hapo amini huvukizwa kidogo kidogo na kuponyoka na moshi, huharibika ikikutana na oksijeni, na hula vyuma. Kwa sababu hizi watafiti walianza kutafuta kimiminika kingine, na hapo ndipo chumvi ilipoingia.

Chumvi ambayo haigandi

Chumvi tunayoijua, kama inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, imetengenezwa kwa chembe za aina mbili: sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi. Chembe zenye chaji huitwa ayoni. Chanya na hasi huvutana, na kwa kuwa ni ndogo na za mviringo, hupangika vizuri kama matofali. Ndiyo maana chumvi ni ngumu, na ili iyeyuke bila maji inabidi ifikishwe nyuzi joto 801.

Sasa badala ya sodiamu weka ayoni kubwa, yenye umbo la ovyo, yenye mkia upande mmoja. Mvutano wa chanya na hasi bado upo, lakini chembe hazipangiki. Ni kama kujaribu kupanga mihogo kwenye sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya mayai. Zikishindwa kupangika hazigandi, na chumvi inabaki kimiminika hata kwenye joto la kawaida la chumba, bila tone la maji. Hicho ndicho kimiminika cha ayoni. Kwa makubaliano ya wanakemia, chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya nyuzi joto 100 inaingia kwenye kundi hili.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden alieleza chumvi ya namna hiyo inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 12. Kwa miaka mingi watu wachache waliijali.

Chumvi hizi zina sifa mbili zilizowavutia watafiti wa ukaa. Ya kwanza, karibu hazivukizwi kabisa. Ukiacha sahani ya spiriti mezani, kesho utakuta sahani tupu. Ukiacha sahani ya chumvi hii, utaikuta kama ulivyoiacha. Kwa hiyo haiponyoki na moshi. Ya pili, unaweza kuchagua ayoni chanya na ayoni hasi upendavyo na kuunda mamilioni ya chumvi tofauti, kila moja na tabia yake, kama fundi anayekata nguo kwa vipimo vya mteja.

Inavyokamata, na inavyoachia

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani, akiwemo Joan Brennecke, waliripoti kwenye jarida la Nature kwamba hewa ya ukaa inayeyuka kwa wingi sana ndani ya chumvi ya namna hii. Kwa shinikizo kubwa, hadi chembe 6 kati ya kila 10 za mchanganyiko zilikuwa ukaa. Na chumvi yenyewe haikuyeyuka ndani ya gesi. Ukipunguza shinikizo, ukaa unatoka safi na chumvi inabaki nzima.

Huu ni ukamataji wa kwanza. Ukaa unaingia kwenye nafasi zilizo katikati ya zile ayoni zisizopangika, unakaa humo kwa mvutano dhaifu, na kuutoa hakuhitaji joto jingi. Lakini unahitaji shinikizo kubwa, na moshi wa bomba hauna shinikizo. Unatoka tu.

Ndipo ukaja ukamataji wa pili. Mwaka 2002 watafiti wengine wa Marekani waliunganisha kipande cha amini kwenye ayoni yenyewe. Chumvi ikapata mkono wa kuushika ukaa hata ukiwa mwembamba, bila yale maji yanayokula joto. Matokeo yalikuwa mazuri, ila ikajitokeza kasoro: chumvi za aina hiyo zikishiba ukaa huwa nzito mno, kama uji uliopoa. Kimiminika kisichotiririka hakifai kwenye mnara. Baadaye, mwaka 2010, kundi la Notre Dame liliripoti chumvi zenye ayoni hasi za muundo mwingine, ambapo kila jozi ya ayoni inaweza kushika chembe moja ya ukaa bila kugeuka uji.

Ugumu wenyewe ni huu. Ukishika kwa nguvu sana, kuachia kunakula nishati. Ukishika kwa ulegevu, hukamati kitu kwenye moshi mwembamba. Kinachotafutwa ni mshiko wa kadiri, na vimiminika vya ayoni vinapendwa maabara kwa sababu mshiko wao unaweza kurekebishwa kidogo kidogo kwa kubadilisha ayoni.

Dawa ya kuku na mbolea

Mbona basi Brevik wametumia amini ya kizamani? Sababu ya kwanza ni bei. Mtambo mkubwa unahitaji tani nyingi za kimiminika, na chumvi hizi ni ghali mara nyingi kuliko amini. Sababu ya pili ni uzito, maana nyingi ni nzito kuliko maji hata kabla ya kushika ukaa, hivyo kuzisukuma kwenye mabomba ni kazi. Tatu, "haivukizwi" haina maana ya "haina madhara". Baadhi zina sumu kwa viumbe wa majini, na ile iliyotumika mwaka 1999 ina florini ambayo ikikutana na maji na joto inaweza kutoa asidi ya hatari. Nne, moshi halisi una maji, vumbi na salfa, na chumvi iliyofanya vizuri kwenye chupa safi ya maabara inaweza kuchoka haraka kwenye moshi mchafu.

Kwa sababu ya bei, watafiti wengine wamegeukia ndugu wa karibu wa chumvi hizi, na hapa wafugaji wa kuku wa Kibaha watatuelewa. Kolini kloridi ni kirutubisho kinachochanganywa kwenye chakula cha kuku. Urea ni mbolea iliyojaa kwenye maduka ya pembejeo. Kolini kloridi peke yake ni unga usioyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 300. Urea peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 133. Lakini mwaka 2003, kundi la Andrew Abbott wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, liliripoti kwamba ukivichanganya kwa kipimo cha chembe moja ya kolini kloridi kwa mbili za urea, ambacho kwa uzito ni karibu nusu kwa nusu, unapata kimiminika kinachoganda kwenye nyuzi joto 12 tu. Kwa joto la Kibaha hakigandi kamwe.

Kimiminika hicho nacho kinayeyusha hewa ya ukaa, na ni cha bei nafuu. Ila kinabeba kiasi kidogo bila shinikizo, na ni kizito mara mamia kuliko maji. (Tafadhali msijaribu nyumbani. Kolini ya chakula cha kuku huja imechanganywa na pumba, na hamtapata kitu zaidi ya kupoteza chakula cha kuku.) Tumekitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba utafiti wa namna hii hauhitaji malighafi za ajabu. Mwanafunzi wa kemia katika chuo chetu chochote anaweza kuanza na vitu vinavyopatikana madukani.

Imefika wapi kazini?

Vimiminika vya ayoni vimekwisha kutoka maabara, lakini kwa kazi nyingine. Nchini Malaysia, kampuni ya mafuta ya Petronas pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast walitengeneza chujio lililopakwa kimiminika cha ayoni kwa ajili ya kuondoa zebaki kwenye gesi asilia, na limetumika kwenye mitambo halisi. Kwa hewa ya ukaa, mitambo mikubwa bado inategemea amini, na vimiminika vya ayoni viko kwenye ngazi ya maabara na majaribio.

Hapa Afrika Mashariki, kampuni ya Octavia Carbon ya Kenya imejenga mashine za kukamata hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka hewani, na mradi wake uko eneo la Gilgil, Bonde la Ufa. Haitumii kimiminika. Inatumia chujio kavu la jamii ya amini, na imechagua Bonde la Ufa kwa sababu ya jotoardhi, joto la bure linalotoka chini. Yaani hata wao wamekutana na lile lile tatizo la kuachia, wakaamua kulifuata joto lilipo.

Kwa Tanzania, pahali ambapo utenganishaji huu utahitajika mapema ni Lindi, ukitekelezwa ule mradi wa kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika pale Likong'o. Ili gesi iwe kimiminika inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hewa ya ukaa huganda kabla ya hapo na inaweza kuziba mabomba kama barafu. Kwa hiyo lazima ipunguzwe hadi chini ya chembe 50 katika milioni. Bahati nzuri gesi yetu ina ukaa kidogo tangu ardhini.

Kukamata pia si sawa na kuondoa. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, kampuni ya TOL Gases huvuna hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kuiuza, ikiwemo kwa watengenezaji wa vinywaji. Ni biashara halali na yenye faida, lakini ukifungua soda ukaa unarudi hewani. Ili hali ya hewa ifaidike, ukaa uliokamatwa lazima ufungiwe mahali usipotoka, kama Norway wanavyofanya chini ya bahari.

Sasa tumjibu mzee wa Mbwawa

Mzee wetu, hayo maji hayawezi kuletwa kwenye tanuri, kwa sababu nne.

Kwanza, tanuri la udongo halina bomba. Moshi unatokea pande zote, na mnara wa kukamata unahitaji moshi ulioelekezwa njia moja. Pili, moshi wa tanuri una lami, masizi na mvuke mwingi, na utachafua kimiminika cha bei ghali ndani ya muda mfupi. Tatu, kuachia kunahitaji joto, na joto lililopo ni la mkaa wenyewe; hesabu tumekwisha kuipiga. Nne, hata ukaa ukikamatwa, hakuna pa kuupeleka.

Lakini jibu haliishii kwenye "haiwezekani". Kuna tofauti kati ya mkaa na saruji ambayo mikutano mingi haisemi. Ukaa unaotoka kwenye jiwe la chokaa ulikuwa umefungiwa kwa mamilioni ya miaka. Ukaa unaotoka kwenye mti, mti uliuvuta kutoka hewani ndani ya uhai wake. Mti mwingine ukikua pale pale utauvuta tena. Kwa Mbwawa, chombo cha kunyonya ukaa kipo tayari, na hakihitaji umeme wala mnara: ni kisiki kinachochipua. Miti mingi ya miombo huchipua yenyewe ikikatwa vizuri na kuachwa.

Tatizo linakuja pale kisiki kinapong'olewa, panapochomwa moto kila mwaka, au panapogeuzwa shamba kabla ya mti kurudi. Hapo ukaa umetoka na hakuna wa kuuvuta. Hicho ndicho kilichoiumiza Ruvu Kusini na misitu mingine ya Kibaha na Kisarawe kwa miaka mingi, huku Dar es Salaam ikizidi kudai mkaa.

Tanuri lenyewe nalo linaweza kuboreshwa. Tanuri la kawaida la udongo hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kuni zikikaushwa vizuri, zikapangwa bila mianya, na tanuri likawekewa bomba la moshi la madebe kama lile la Casamance la Senegal, unaweza kufika kilo 25 hata 30. Gunia lile lile kwa miti michache zaidi. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mwaka 2012 kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu ambapo vijiji vilitenga eneo la kuvuna kwa zamu, kwa mzunguko wa miaka 24, na ushuru ukaenda kwenye maendeleo ya kijiji.

Wakati huo huo soko linabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Anayeishi kwa mkaa leo ana haki ya kuuliza ataishi kwa nini kesho, na swali hilo hakuna chumvi ya maabara itakayolijibu.

Kuhusu sentensi yetu ya siku ile, tunaifuta. Tulipaswa kusema hivi: watafiti wanatengeneza vimiminika vinavyoweza siku moja kupunguza gharama ya kukamata hewa ya ukaa kwenye viwanda vyenye bomba, joto na mahali pa kuifukia. Haina mvuto kama ile ya kwanza, lakini ni kweli.

Tulimpigia mzee kabla ya kuchapisha makala hii, tukamsomea sehemu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hayo maji ni ya wenye mabomba." Kisha akauliza kibali cha kuvuna kwa zamu kama wa Kilosa kinaombwa wapi, na nani atamfundisha kujenga hilo tanuri la madebe. Safari hii hatukutaka kujibu kwa haraka. Maswali yote mawili tutayapeleka kwa afisa misitu, na majibu yake tutayasoma hewani kwenye kipindi cha asubuhi.